Somo: Kutafuta mayai mapya na matunda ya kujichumia mashambani, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum jamaa. Kila embe zikikaribia maswali huwa ni yale yale: nani ana mayai ya kienyeji ya kweli, na wapi mtu anaweza kuwapeleka watoto wakachuma matunda kwa mikono yao. Nimeona niandike somo moja, atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

La mwanzo kabisa, mashamba tunayoyataka hayana mabango. Yenye mabango ni ya viungo, kule Kizimbani na Kidichi, nayo yamezoea wageni na bei zake ni za wageni. Haya mengine hayamo kwenye ramani ya simu, na namba ya mwenyewe huipati mpaka upewe na anayemjua. Kwa hivyo tafuta mtu kwanza, shamba atakuonesha yeye.

Hatua ya 1: Jua ardhi ilivyo

Unguja magharibi na kati kuna udongo wa kina, na huko ndiko kwenye machungwa, machenza, mananasi, mafenesi na shokishoki: Mwera, Machui, Dunga, Ndijani, Uzini, na ukielekea kaskazini, Mahonda na Donge. Mashariki na kusini ni uwanda, mawe yametanda na udongo umo kwenye mashimo tu. Anayekwenda Paje kutafuta chungwa la kuchuma atarudi na mwani. Ila kwa kuku usiudharau uwanda. Kuku wa kienyeji wanazurura huko kutwa wakijitafutia. Pemba nako vilima vya magharibi vimejaa miti ya matunda katikati ya mikarafuu, na ukisogea mashariki, Micheweni, unakuta uwanda tena.

Hatua ya 2: Jua msimu, na ujue kuuliza

Machungwa huja na kipupwe, Juni hadi Agosti. Embe huanza vuli na kushamiri kaskazi ikivuma, Disemba hadi Februari. Ndizi na mapapai hayakosekani mwaka mzima. Shokishoki na doriani msimu wake ni mfupi, ukizubaa zimekwisha.

Ukipiga simu usiulize "yameiva?" Mwenye shamba hapendi kukuvunja moyo, atakwambia njoo. Uliza, "Mshaanza kuyapeleka sokoni?" Akisema ndiyo, nenda. Akisema "karibu tutaanza", kaa nyumbani.

Hatua ya 3: Mayai, anzia duka la chakula cha kuku

Hii ndiyo siri yenyewe. Muuza chakula cha kuku anamjua kila mfugaji wa eneo lake: nani anachukua magunia ya chakula cha kutagia, nani kaleta vifaranga, nani mayai yamemlemea anatafuta mnunuzi. Nenda Mwanakwerekwe au duka lolote la namna hiyo lililo karibu nawe, nunua hata kilo moja ya pumba kwa heshima, kisha uliza. Utatoka na namba mbili tatu.

Ukimpata mfugaji, muulize ana kuku wangapi, anaokota mayai mara ngapi kwa siku, na kuku wamepewa dawa lini mara ya mwisho. Hilo la dawa msilione dogo. Dawa nyingi za kuku zina siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa, zimeandikwa kwenye kibandiko, na mfugaji mkweli atakwambia bila kuona haya.

Idadi ya kuku ndiyo inayomuumbua mwongo. Kuku wa kisasa aliyeshiba hutaga karibu kila siku. Wa kienyeji hutaga kumi, kumi na tano, kisha analalia, na baada ya hapo ana vifaranga vya kulea. Basi mtu mwenye koo kumi za kienyeji hawezi kukuuzia trei ya mayai thelathini kila asubuhi. Akikwambia anaweza, mayai mengine yanatoka kwengine. Mara nyingi ni mayai ya mitetea ya kisasa inayoanza kutaga, ambayo huwa madogo na hupita kwa urahisi kama ya kienyeji.

Rangi isikudanganye. Ganda jeupe au la kahawia ni kabila ya kuku, na kiini cha njano iliyokolea ni chakula: majani mabichi na mahindi ya njano. Kuku wa bandani akilishwa mchicha naye hutoa kiini hicho hicho.

Upya wa yai unapimwa hapo hapo mlangoni. Omba bakuli la maji, litose yai taratibu. Likilala chini kwa ubavu ni jipya. Likisimama kwa ncha limekaa siku nyingi lakini bado linalika ukilipika vizuri. Likielea, muachie mwenyewe, hilo viza. Sababu ni hewa: ganda linapitisha, maji ya ndani yanapungua siku hadi siku na kile kifuko cha hewa upande mnene kinakua. Kama bandani mna jogoo, ongeza tochi ya simu. Zima taa, bana yai juu ya tochi kwa vidole viwili. Yai safi linang'aa lote sawasawa. Lililokwisha kulaliwa, au lililosahauliwa kwenye joto, utaona vijiuzi vyekundu vimetawanyika kama mizizi.

Yai lenye kinyesi usilioshe ukaliweka. Ganda lina utando wake wa kulilinda, na ukishautoa vijidudu vinapata njia ya kuingia. Lifute kwa kitambaa kikavu, lioshe wakati wa kulipika.

Hatua ya 4: Matunda, muulizie mwenye mti

Hapa ndipo watu wanapogombana. Huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyomo ikawa ya mwengine. Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 leo zina warithi tele, na kila mmoja anajua mwembe wake. Mashamba mengine ni ya wakfu, yana wasimamizi, na juu yao iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Halafu kuna mchuuzi: ameshanunua embe zote zingali mtini, anangoja ziive. Mwenye shamba anakukaribisha kwa roho safi kabisa, wewe unachuma mali ya mtu aliyelipa.

Swali moja linatosha: "Matunda haya yana mwenyewe mwengine?" Liulize mbele ya mtu wa pili. Kama humjui mtu yeyote kijijini, pita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo. Mweleze umetoka wapi na unataka nini. Atakuelekeza, na siku mtu akikuuliza unafanya nini shambani una la kusema. Na ukifika piga hodi ukiwa mbali, usikatize kwenye uwanja wa nyumba.

Hatua ya 5: Patana kabla ya kuchuma

Bei siandiki, kesho itanisuta. Kipimo ndicho cha kupatana: kwa mia, kwa ndoo, kwa pakacha au kwa polo, yaani gunia. Machungwa mengi huhesabiwa kwa mia. Semeni pia nani anapanda mti, analipwa nini, na yale wanayokula watoto wakichuma yamo kwenye hesabu au ni ukarimu. Kwa kawaida ni ukarimu, lakini lisemwe.

Hatua ya 6: Kuchuma

Usipande mwembe. Kuna kijana wa pale aliyeuzoea tangu utotoni. Wewe shika upembo, ule mti mrefu wenye ndoana, na kama umefungwa kifuko cha wavu kwenye ncha ni bora zaidi, embe halianguki likapondeka.

Kata embe na kikonyo chake, kirefu kama kidole. Ukikinyofoa utomvu unaruka, unachoma ngozi ya mtu na ganda la embe lenyewe. Likishatoka mtini lipindue chini juu kwenye majani mpaka limalize kutoka utomvu. Kwa fenesi, paka mafuta ya nazi mikononi na kwenye kisu, la sivyo utalala na ulimbo.

Mjue tunda linaloendelea kuiva nyumbani na lisiloendelea. Embe, papai, ndizi, stafeli na fenesi yakikomaa mtini huivia ndani. Chungwa, chenza, nanasi na shokishoki ukiyachuma mabichi yatabaki hivyo hivyo mpaka yaoze. Na chungwa la kwetu usilingojee ligeuke njano, huiva likiwa kijani kwa sababu usiku wetu ni wa joto. Lionje moja la mti huo kabla ya kujaza pakacha. Doriani ndiyo haichumwi kabisa, hungojewa idondoke. Usikae chini yake.

MASWALI

Wa Fuoni: Mimi sina gari. Trei mbili za mayai kwenye daladala zitafika?

Zitafika. Weka trei tupu juu kama kifuniko, funga kamba msalaba, ziweke mapajani. Gari za asubuhi mapema kutoka shamba kuja mjini zinajaa, rudi saa nne hivi.

Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani: Nahitaji mayai kila wiki mwaka mzima. Kienyeji inawezekana?

Kwa mfugaji mmoja, hapana. Kuku wakilalia umekwama, na kideri, ule ugonjwa wa mdondo wa kuku, kikipita banda zima linaweza kwisha kwa siku chache. Patana na kina mama wanne watano wa mtaa huo huo, mmoja awe wa kukusanya, na uwaulize kama wanachanja kideri. Chanjo ya matone ya jicho ipo na hurudiwa kila baada ya miezi michache. Kwa keki tumia ya kisasa tu ndugu yangu, mgeni hatojua.

Bibi wa Mkunazini: Mwanangu, yai nililolivunja lina doa la damu. Ni kifaranga hicho?

Shikamoo bibi. Hapana, ni mshipa mdogo umepasuka wakati yai linatengenezwa, hata kuku asiye na jogoo hutoa yai la hivyo. Kiafya, toa doa kwa ncha ya kisu upike. Kisheria ya dini waulize masheikh, mimi si wa kutoa fatwa.

Wa Wete: Sisi Pemba kipindi cha karafuu vijana wote wako juu ya mikarafuu. Nani atanichumia?

Hapo umesema kweli, mchumaji hampati, na ukimpata atakudai bei ya karafuu. Nendeni kwa miti mifupi: machenza, mapera, mapapai, mastafeli, au mananasi ambayo hayana kupanda. Au Ijumaa baada ya sala, wengi huwa wamepumzika.

Wa Bububu: Nimeambiwa ninunue mwembe mzima sasa hivi ungali na maua, nitapata rahisi. Mnasemaje?

Rahisi ni kwa sababu hatari yote inakuwa yako. Mvua kubwa ikipiga maua yanapukutika. Na kwa Waislamu kuna hadithi inayokataza kuuza matunda kabla hayajaonesha kuiva, sababu ni hiyo hiyo. Ngoja zikomae, lipa zaidi kidogo.

Wa Fuoni tena: Embe nilizochuma mwaka jana nje nzuri, ndani funza.

Nzi wa matunda. Jike anatoboa ganda na kutaga ndani, funza wanakula nyama ya tunda. Tazama vitobo vidogo kama vya sindano, ukibonyeza hapo panabonyea. Shamba lenye embe zilizooza zimezagaa chini ya miti ndilo linalozalisha nzi hao, kwa hivyo ukifika tazama chini kabla ya kutazama juu. Zile zilizokomaa lakini bado ngumu huwa na funza wachache, uzivundike mwenyewe nyumbani.

Mama mtarajiwa, Chake Chake: Mayai ya shamba mapya kabisa, naweza kula kiini kikiwa laini?

Kwa hali yako hapana dada. Upya hauzuii vijidudu vya salmonela. Pika mpaka ute na kiini vigande. Watoto wadogo na wazee vivyo hivyo.

Wa Kiembesamaki: Tunaomba namba ya shamba la machungwa la Ndijani ulilolitaja.

Nimetaja kijiji tu, na namba za watu siziweki hapa. Panda gari ya Chwaka, shuka Ndijani, uliza kwa sheha.