Besi ya muziki wa gari ikikata ukipandisha sauti, pima erthi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) kwanza
Weka mita kwenye volti za DC: ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye skrubu ya erthi ya amplifaya, injini ikiwa imewashwa na muziki juu. Ikisoma zaidi ya 0.5, umeme haurudi vizuri. Mara nyingi waya umefungwa juu ya rangi, au kwenye bolti ya mkanda wa kiti (hiyo usiiguse kabisa). Kwangua kwa msasa hadi bati ling'ae, kaza kwa bolti, waya uwe mfupi na mnene sawa na wa pozitivu. Ikisoma chini ya 0.2 na besi bado inakata, erthi haina kosa: pima pozitivu na negativu palepale kwenye amplifaya. Volti zikishuka chini ya 12, shuku betri, alteneta, au ule waya wa bei chee wa alumini iliyopakwa shaba.