Oktani Ipi kwa Gari ya Familia? Anza na Kibandiko cha Tanki

Gari nyingi za familia zinazoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa zimetoka Japani, kwa hiyo jibu mara nyingi limeandikwa kwa Kijapani. Fungua kimlango cha tanki utazame kibandiko cha ndani. Ukiona レギュラー, injini imeundwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo huanzia oktani 89. Ukiona ハイオク au プレミアム, inataka ya daraja la juu, ambayo kwao huanzia 96. Herufi 専用 au 指定 zikifuata, hilo ni sharti. Maandishi ya Kiingereza yanayotaka petroli isiyo na risasi hayahusu oktani kabisa.

Vitz, Probox na Fielder zenye injini ya 1NZ-FE ni za kundi la kwanza. Petroli ya kawaida ya sheli zetu inazitosha, na ukizilisha ya bei juu unachoma pesa tu. Oktani si kipimo cha nguvu wala cha usafi. Ni kipimo cha uvumilivu: petroli inastahimili kugandamizwa kiasi gani ndani ya silinda bila kujiwakia kabla ya moto wa plagi kuifikia. Injini isiyogandamiza sana haina kazi na uvumilivu wa ziada. Viungio vya kusafisha injekta ni jambo jingine, hata kama vinauzwa kwenye pampu hiyo hiyo.

Usiige jirani kwa kutazama bodi. Forester isiyo na turbo hunywa ya kawaida. Yenye turbo, umbo lile lile, mara nyingi inataka ya juu. Golf za TSI (Volkswagen za petroli zenye turbo) zilizouzwa Japani nazo ni za ya juu, ingawa injini ni ndogo. Kama gari imetoka Marekani, angalia namba kwa makini, kwani wao hupima kwa wastani wa vipimo viwili, RON (kipimo kinachotumika Japani na kwetu) na MON (kipimo kikali zaidi, chenye namba ndogo). 87 yao ni kama RON 91 au 92, na 91 yao ni karibu RON 95. Aliyezoea pampu za Muscat, zenye 91 na 95, anasoma RON moja kwa moja.

Oktani ikipungua injini hugonga: utasikia mlio mkavu, kama kokoto ndani ya kopo, hasa unapokanyaga mafuta mlimani gia ikiwa kubwa na gari imejaa watu. Injini za kisasa zina sensa ya kugonga: kompyuta ikisikia mlio huchelewesha moto wa plagi, kelele inapotea, lakini gari inakuwa nzito na ulaji wa mafuta unapanda. Ndiyo maana kutosikia kitu si ushahidi kwamba mafuta yanafaa. Mahali nako kuna uzito. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo haigongi kirahisi. Ishushe Mombasa kwenye joto na hewa nzito, mlio ambao hukuwahi kuusikia unaweza kuanza.

Gari ya petroli ya kawaida ikigonga, usikimbilie oktani. Kagua kwanza maji ya rejeta na feni, plagi (namba ya joto iwe ile ya kitabu cha gari), kaboni juu ya pistoni, na hewa inayoingia kupitia mpira uliopasuka. Kodi ya hitilafu P0325 kwenye mashine ya fundi inaelekeza kwenye saketi ya sensa ya kugonga, yaani sensa yenyewe, waya au plagi yake ya umeme. Kama mlio umeanza mara tu baada ya kujaza, shuku uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na kiasi kidogo kinatosha kuharibu tanki zima. Tunza risiti, badili kituo.

Ukijaza ya chini kwenye gari ya sharti, usiiburute wala usiizime kwa hofu. Endesha taratibu, teremsha gia mapema mlimani, usivute trela, kisha ongeza ya juu nafasi ikipatikana. Hesabu ni rahisi: lita 20 za 91 na lita 20 za 95 zinakaribia 93. Ikigonga hata kwa mwendo wa pole, simama. Kugonga kwa muda mrefu hutoboa pistoni.

Kwa gari ambayo kitabu kinapendekeza ya juu bila kulazimisha, jipimie. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, andika odomita, tumia tanki mbili za kila aina kwenye njia zile zile, halafu gawa kilomita kwa lita. Tofauti ya kilomita isipofidia tofauti ya bei, rudi kwenye pampu ya kawaida.