Albamu ya kwanza ya stona na saikedeliki: kurekodi uzito bila kuumeza kwenye fazi

Bendi nyingi za stona (hadi roki nzito ya mwendo wa polepole) zikiingia kurekodi albamu ya kwanza hufungua fazi, pedali ya kukwaruzisha sauti ya gitaa, mpaka mwisho, kisha hushangaa sauti imetoka nyembamba. Fazi hukata vilele vya wimbi. Ukiizidisha, pigo la mwanzo la kila noti hupotea, na pigo hilo ndilo linaloipa uzito rifu, yaani kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa. Muziki huu unakuwa mzito kwa sababu nyuzi zimelegezwa, besi imeachiwa nafasi yake na mwendo hauna haraka. Mwangwi na mizunguko ya saikedeliki (sauti za kuelea kama ndoto) huwekwa juu ya msingi huo ukishasimama.

Anzeni na tuni. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa ameshusha gitaa nusu hatua tatu kufikia 1971. Kyuss, waliotoka jangwani California, walishuka nne mwanzoni mwa miaka ya 1990, na C hiyo imebaki kuwa makazi ya stona: C, F, A♯, D♯, G, C kuanzia uzi mnene. Seti ya nyuzi ya 9 au 10 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa elfu za inchi) haifai hapa. Uzi uliolegea hugonga freti (vijiti vya chuma shingoni), na ukipigwa kwa nguvu noti hupanda kisha hushuka inapofifia, kwa hiyo magitaa mawili hayatapatana kamwe. Wekeni 11–56 kwenye gitaa la inchi 25.5 (urefu wa uzi unaotetema), au 12–60 kwenye lile fupi la inchi 24.75. Vijia vya nyuzi pale karibu na kichwa cha gitaa vitahitaji kupanuliwa kidogo kwa faili, la sivyo uzi hunasa na tuni huruka ghafla kwa mlio mdogo. Kisha linganisheni noti ya freti ya 12 na hamoniki (mlio wa kugusa uzi bila kuubonyeza) ya mahali hapohapo: noti ya freti ikiwa juu, sogezeni kitako cha uzi kwenye daraja la gitaa nyuma, mbali na shingo, ikiwa chini, kileteni mbele. Fanyeni kazi hii siku mbili kabla ya kurekodi, maana nyuzi mpya huendelea kunyooka.

Besi ndiyo inayostahili muda wenu mwingi kuliko chochote. Ikishushwa, C yake ya chini iko karibu na hezi 33, na simu au spika ndogo haiwezi kuitoa. Anachosikia msikilizaji ni sauti zinazojengeka juu yake, za hezi 65, 98 na 131, kwa hiyo besi safi kabisa itatoweka kwenye simu hata kama studio nzima ilitetemeka. Irekodini njia mbili kwa wakati mmoja: moja safi kupitia boksi la DI (linalopeleka besi moja kwa moja kurekodiwa bila ampu), nyingine kwenye ampu yenye fazi. Kwenye njia ya fazi kateni kila kitu chini ya hezi 150 hadi 200, ile safi ishike sakafu peke yake. Sauti ya maikrofoni huchelewa, takriban milisekunde 1 kwa kila sentimita 34 za hewa. Kuzeni picha ya wimbi kwenye kompyuta na msogeze njia moja hadi vilele vilingane. Mkiacha hivyo hivyo, mawimbi yatapunguzana nguvu na besi itakonda bila sababu inayoonekana.

Kwa gitaa, fazi ya transista za jemeniamu iwe pedali ya kwanza baada ya gitaa. Ikitanguliwa na pedali yenye bafa (saketi ya kuimarisha mawimbi ya gitaa), sauti inakuwa kali ya kukwaruza, na ukipunguza volyumu ya gitaa haisafiki tena. Zile za muundo wa PNP (transista ambazo umeme wake huunganishwa kinyume) haziwezi kugawana waya wa umeme na pedali nyingine, kwa hiyo zipeni betri yao ya volti 9. Kuna jambo moja ambalo miongozo ya nchi za baridi hailisemi: jemeniamu huyumba kwenye joto. Katika chumba kisicho na kiyoyozi Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, pedali iliyolia vizuri asubuhi inaweza kukohoa na kukata noti alasiri. Tumieni ya silikoni, au rekodini usiku. Big Muff, pedali nyingine ya fazi, nayo hupunguza sauti za kati karibu na kilohezi 1, mahali gitaa linaposikika ndani ya bendi. Pandisheni sauti za kati kwenye ampu.

Ampu ya volti 120 kutoka Marekani haichomekwi kwenye 230 au 240 bila transfoma. Ampu ya taa (valvu) yenye nguvu ya wati 100 hula zaidi ya wati hizo ukutani, kwa hiyo chukueni transfoma ya VA (volti-ampea) 500. Ampu ikivuma, msikate waya wa ethi (wa ardhini) kuinyamazisha; waya huo ndio unaolinda maisha ya mpigaji.

Maikrofoni ikae sentimita 2 hadi 5 kutoka kitambaa cha spika, katikati ya kitovu na ukingo: kitovuni sauti ni kali, ukingoni imefifia. Pigeni kila rifu mara mbili, moja kushoto na moja kulia, na fazi ya kila moja iwe chini ya mliyozoea mazoezini. Kunakili pigo lilelile hakuongezi upana wowote.

Dramu zinatosha kwa maikrofoni nne: dramu ya mguu, snea, na mbili za juu zilizo umbali sawa kutoka katikati ya snea (pimeni kwa kamba). Mpiga dramu azipige ngozi kwa nguvu na apunguze matoazi, kwa sababu kreshi (toazi kubwa la kishindo) na fazi hugombea masafa yaleyale na kreshi hushinda.

Muda wa dilei (mwangwi unaorudia noti), kwa milisekunde, ni 60,000 gawanya kwa mapigo ya dakika. Kwenye 75 ni milisekunde 800. Robo tatu yake, 600, huyumbisha wimbo bila kuuvuruga. Wekeni feza (athari ya sauti inayozunguka) na dilei baada ya fazi, na riverbu (mwangwi wa chumba) mwisho. Mkiiweka riverbu kabla, fazi huisaga kuwa ukungu. Hilo lifanyeni kwa makusudi sehemu moja ya albamu, si kila mahali.

Kama mnachapa santuri ya inchi 12, lengeni dakika 20 kwa upande, maana besi nyingi huhitaji mfereji mpana. Sauti za chini ya hezi 150 ziwe katikati, sawa kushoto na kulia. Wimbo mkali ufungue upande, na ule mtulivu uufunge, kwani karibu na kitovu santuri hupoteza ung'avu. Nakala ya majaribio isikilizeni yote kabla ya kuidhinisha. Mlio unaojirudia kila sekunde 1.8 kwenye santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ni alama inayorudi kila santuri inapomaliza mzunguko mmoja. Ukiusikia mahali palepale kwenye nakala mbili, tatizo huenda liko kiwandani, kwa hiyo msiziidhinishe kabla ya kuwauliza.