Jinsi ya kusimamisha hema la Wanenets

Nilipokuwa nasoma Urusi, mwishoni mwa Machi nilikaa siku chache na familia ya wafugaji wa Kinenets nje ya mji wa Salekhard, kabla hawajaanza kuhamia rasi ya Yamal na kulungu wao wa nchi za baridi (reindeer). Mama mwenye nyumba hakunionyesha pa kukaa. Alinipa mti, nishike. Kwao nyumba ni kazi ya mwanamke, kama bomani kwetu Longido.

Hema wanaliita mya, Warusi husema chum. Tanguliza jiko la chuma katikati, mbao za sakafu kulia na kushoto. Funga miti 2 kileleni, isimamishe, egemeza wa 3, kisha zungushia mingine, 30 na zaidi. Ngozi huja baadaye, na wakati wa baridi huwa tabaka 2: ya ndani manyoya yakiangalia ndani, ya nje yakiangalia nje. Ni nzito mno. Msaidiane kuzisukuma juu kwa miti, na anza upande unaotoka upepo.

Sasa sikiliza vizuri. Nyuma ya jiko husimama nguzo inayoitwa simzy. Kutoka hapo hadi ukuta wa nyuma ni patakatifu, mwanamke hapiti. Hata nje hazunguki nyuma ya hema, maana hapo hukaa sleji, gari la kukokotwa juu ya theluji, yenye vitu vitakatifu. Mimi nilitaka kukatiza nikaokote kamba. Mama alinishika mkono wa koti, akanirudisha, tukazungukia mlangoni.

Miiko hii imepita mengi. Tsari, mfalme wa Urusi, alitoza kodi ya manyoya. Wasovieti waliwakamata waganga, wakaingiza kulungu katika mashamba ya pamoja, na Wanenets wakaasi mwaka 1934 na tena 1943. Tangu 2012 gesi ya eneo la Bovanenkovo inachimbwa katikati ya malisho ya Yamal. Lakini kinachoniuma zaidi ni shule za bweni, maana mtoto hukaa huko miezi mingi, na fundo la kileleni halifundishwi darasani.

Kwa hiyo ukikuta mtoto yuko likizo, mwachie kamba, hata kama baridi inakuuma. Binti wa mama yule alifunga, likafunguka. Akafunga tena. Mara ya tatu mama alilivuta kwa nguvu, likashika, naye akaenda kuchukua mti wa 3.