Pingamizi la wakulima wa tumbaku: namna ya kuliandika hadi lisomwe Dodoma

Barua inayoanza na "sisi wakulima tunalia" hupigwa muhuri wa kupokelewa, hutiwa kwenye jalada, na habari yake huishia hapo. Kilio ni cha kweli, ila mjumbe wa kamati ya Bunge hawezi kukipeleka popote. Anachoweza kukisimamia ni kifungu fulani, kiasi fulani cha fedha, na maneno mapya ya kuweka mahali pa yale unayotaka yaondoke. Mwongozo huu ni kwa viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika vya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, na wenzao wa upande wa Kigoma wanaolima zao hilohilo.

Chagua cha kupinga

Hapa ndipo vyama vingi hujikwaa. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18, inabana uvutaji kwenye maeneo ya umma na inabana matangazo. Mtu akija na karatasi ya kupinga mambo hayo na kuwaomba wakulima saini, mwulizeni swali moja: hili linapunguza kilo ngapi kwenye mizani yetu? Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje ya nchi. Abiria kukatazwa kuvuta ndani ya basi la Tabora hakumpunguzii mkulima wa Usoke hata robota moja (mtumba wa tumbaku uliofungwa kwa kuuzwa). Mkiipinga sheria hiyo mtaonekana mnamtetea mtengeneza sigara, na siku mtakayokuja na shida yenu wenyewe hakuna atakayewasikiliza.

Yanayomgusa mkulima ni mengine: tozo za kila kilo, masharti ya usajili na leseni, kuni na upandaji miti, makato yasiyoeleweka, bei ambayo imekuwa ikitajwa kwa dola wakati mbolea na vibarua vinalipwa kwa shilingi, na malipo yanayochelewa. Ushuru wa mazao nao uutazameni. Mabadiliko ya mwaka 2017 yaliushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na mlipaji wake kisheria ni mnunuzi. Kama kwenye karatasi ya mauzo umekatwa mkulima, hapo hamna haja ya kupinga sheria. Mnadai itekelezwe, na barua ya namna hiyo ni fupi na ina nguvu zaidi.

Kuna jambo moja la kodi ambalo wengi hawalijui. Ushuru wa bidhaa kwenye sigara umekuwa ukitozwa kwa kiwango cha chini kwa sigara zenye tumbaku ya nchini kuanzia asilimia 75. Nafuu hiyo ndiyo inayomshawishi mwenye kiwanda anunue jani la hapa. Muswada wa Fedha ukigusa tofauti hiyo, jambo limekwisha kuwa lenu hata kama neno "mkulima" halimo humo.

Na msiandike kamwe kwamba sigara haina madhara. Hakuna mjumbe atakayeendelea kusoma baada ya sentensi hiyo, na kwa haki kabisa. Wachumaji wenyewe wanajua jani lililolowa umande linavyoleta kizunguzungu na kutapika, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi. Ligeuzeni hilo liwe dai: glavu, nguo za mikono mirefu, na mafunzo, viingizwe kwenye mkataba wa kilimo.

Silaha iliyo kwenye mkataba wa afya

Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Wakulima wengi huuona ni adui bila kuusoma. Ibara ya 17 inazitaka nchi wanachama kuendeleza njia mbadala za kipato, zenye tija, kwa wakulima na wafanyakazi wa tumbaku. Kwa hiyo serikali inapobana zao, mna haki ya kuuliza: mbadala wa Kaliua ni upi, soko lake liko wapi, na mkopo wa pembejeo zake anautoa nani? Swali hilo litoke na namba ya ibara.

Ibara ya 5.3 nayo mjihadhari nayo. Inataka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya tasnia ya tumbaku. Katika tafsiri ya mkataba huo, tasnia ni watengenezaji wa bidhaa za tumbaku, wasambazaji wa jumla na waagizaji. Mkulima hayumo. Lakini mkiandikiwa barua na kampuni, mkasafirishwa kwa gari la kampuni na kulipiwa posho nayo, mtakuwa mmejiingiza wenyewe. Gharama za safari zipitishwe na mkutano mkuu na zitoke kwenye chama, na barua iseme hivyo.

Mlango upi, na lini

Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni hutungwa na waziri. Sheria ndogo ni za halmashauri. Maelekezo ya msimu hutoka Bodi ya Tumbaku. Ukipeleka malalamiko ya tozo ya halmashauri bungeni, utaambiwa urudi nyumbani, na miezi miwili imepotea.

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau kutoa maoni. Huo ndio mlango wenu. Baada ya kusomwa mara ya pili, maneno hubadilishwa na wabunge peke yao, kwa hiyo kilichobaki ni kumtafuta mbunge wenu awasilishe jedwali la marekebisho. Muswada ukija kwa hati ya dharura, muda huwa siku chache tu. Muswada wa Fedha ndio mgumu zaidi: hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo mna kama wiki mbili, tena masoko yakiwa yamepamba moto na kila mtu yuko mizani. Mapendekezo ya kodi yapelekeni Wizara ya Fedha miezi kadhaa kabla, na hesabu iwe tayari tangu msimu uliopita.

Kwa sheria ndogo, halmashauri inatakiwa kuwatangazia wananchi nia yake na kupokea pingamizi kabla ya kuipeleka kwa waziri kuidhinishwa. Tangazo hubandikwa ofisi ya kata au ya kijiji. Pigeni picha tangazo lenyewe, tarehe ionekane. Kama halikubandikwa, kukosekana kwake ni hoja tosha.

Hesabu

Nusu ya kazi yote iko hapa. Chukueni wakulima 10 hadi 15 wa ukubwa tofauti, wakiwemo wenye nusu hekta, wala msichague wale hodari tu. Kwa kila mmoja kusanyeni karatasi za mauzo za misimu 3, zenye namba ya mkulima, daraja, uzito, bei na makato. Kisha kaeni naye muandike gharama kuanzia kitaluni.

Mbolea na dawa hazisahauliki kwa sababu zimo kwenye mkopo. Kinachosahaulika ni kazi ya familia na kuni. Angalieni bani moja, yaani banda la kukaushia tumbaku. Tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la tanuri, huwashiwa moto siku 5 hadi 7 kila bani likijazwa, na tanuri halilali. Tuseme ni siku 6, baba na kijana wanapokezana kuchochea usiku na mchana: hizo ni siku 12 za kazi kwa mjazo mmoja. Bani likijazwa mara 6 msimu mzima ni siku 72, na bado hamjahesabu kuchuma, kufunga majani kwenye fito, kupakia, kupakua na kupanga madaraja. Mkulima akiulizwa atasema "hiyo ni kazi yangu tu." Andikeni, mzidishe kwa ujira wa kibarua wa kijiji hicho. Kuni nazo zipimwe kwa trela au kwa mkokoteni, kila mjazo umekula kiasi gani, hata kama zimekatwa kwenye shamba lake mwenyewe. Afisa atakayesoma atauliza hilo la kwanza, kwa sababu misitu ya miombo ndiyo inayokwisha.

Kisha pimeni athari ya kile mnachopinga. Kwa mfano, tozo mpya inayopendekezwa ni shilingi 50 kwa kilo, na mkulima wa kawaida wa chama anauza kilo 1,200. Kwake ni shilingi 60,000. Kama kibarua wa kuchuma analipwa 5,000 kwa siku, tozo imemla siku 12 za kibarua. Chama kikiwa na wakulima 240 wa kiasi hicho, ni shilingi 14,400,000 zinazotoka kwenye kijiji kwa msimu. Takwimu tatu namna hiyo zinatosha. Kurasa 9 za majedwali hazisomwi.

Makosa yanayoharibu hesabu ni haya: kuchanganya bei ya dola na shilingi bila kutaja kiwango cha kubadilishia na tarehe yake, kuchukua bei ya daraja la juu badala ya wastani wa karatasi nzima, na kuhesabu deni la mkopo mara mbili, mara moja kama pembejeo na mara ya pili kama makato. Kosa la mwisho ndilo linaloonekana upesi, na likionekana, hata namba zenu za kweli hazitaaminiwa.

Takwimu za serikali mkizihitaji, mfano mapato ya tozo kwa mwaka, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ombeni kitu kimoja kilicho wazi, kwa mwaka uliotajwa. Ukiomba "taarifa zote za tumbaku" utajibiwa kwamba ombi halieleweki.

Mkutano na saini

Barua ya mwenyekiti peke yake ni barua ya mtu mmoja. Iteni mkutano mkuu wa chama kwa utaratibu wa masharti yenu, ajenda itaje pingamizi kwa jina, na akidi iandikwe kwenye muhtasari: wanachama wangapi, waliofika wangapi, waliokubali, waliokataa. Waliokataa waandikwe pia. Muhtasari wenye kura za hapana huaminika kuliko ule ambao watu 300 wamekubali kama mtu mmoja. Orodha ya saini iwe na jina, namba ya mkulima, kijiji, saini au dole gumba, na kichwa cha pingamizi kirudiwe juu ya kila ukurasa. Saini zilizo kwenye karatasi tupu zenye mistari zinaweza kubandikwa kwenye barua yoyote, na anayezipokea anajua hivyo.

Barua yenyewe

Kurasa 2, zisizidi 3. Juu: Kumb. Na., tarehe, anuani ya Katibu wa Bunge au ofisi husika, kisha YAH: na jina kamili la muswada na mwaka wake. Aya ya kwanza mseme ninyi ni nani na mko wangapi. Ya pili iende moja kwa moja:

"Kifungu cha 4 cha Muswada kinapendekeza tozo ya shilingi 50 kwa kila kilo ya tumbaku, ilipwe na mkulima. Tunaomba maneno 'ilipwe na mkulima' yafutwe na badala yake yasomeke 'ilipwe na mnunuzi, na isikatwe kwenye bei ya mkulima.' Kwa mwanachama wetu wa kawaida tozo hiyo ni shilingi 60,000 kwa msimu, kama Kiambatisho A kinavyoonyesha."

Tozo na kifungu hapo ni vya mfano. Muundo ndio wa kuiga. Baada yake toeni pendekezo la pili la akiba, mfano utekelezaji uanze msimu unaofuata kwa kuwa mikataba ya msimu huu imeshasainiwa. Ombi la kuahirisha hukubaliwa kwa urahisi kuliko ombi la kufuta.

Pelekeni nakala mbili kwa mkono. Moja ibaki masjala. Ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Nakala nyingine apewe mbunge, Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa na chama kikuu cha ushirika. Mkiitwa mbele ya kamati, mtapewa dakika chache: aseme mmoja, asisome barua, ataje kifungu na athari yake kwa mkulima, kisha awaachie maswali. Pembeni yake akae aliyeandika hesabu.

Mkiona ni lazima kuandamana, taarifa ya maandishi impate mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na sababu. Mahakama ni njia ndefu: kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90, na anayefungua shauri la haki za kikatiba anatakiwa aonyeshe namna yeye mwenyewe alivyoathirika. Zile karatasi za mauzo za wakulima mliowachagua zinatumika tena hapo, kwa hiyo nakala halisi zisitoke chamani.

Sheria ikishapita, tafuteni toleo lililochapishwa kwenye Gazeti la Serikali mlilinganishe na barua yenu neno kwa neno. Kisha ulizeni wizarani kama kanuni zake zimeanza kuandikwa, maana viwango, fomu na adhabu mara nyingi huwekwa kwenye kanuni. Daftari la gharama lifunguliwe upya vitalu vinapomwagiwa maji ya kwanza.