Somo: Mafuta ya shea, kutoka mtini hadi koponi

Wengi wetu tumeyajulia kwenye kopo la kupaka. Kaskazini mwa Ghana, Burkina Faso na Mali yanaanzia jikoni: ndiyo ya kukaangia na kuungia mchuzi. Kupaka mtoto mchanga, nywele na ngozi iliyopasuka kwa harmatani, upepo mkavu wa kutoka Sahara, kunafuata. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, akielekea Mali mwaka 1352, aliandika kwamba watu huponda kokwa za mti wa shea, na mafuta yake wanapikia, wanawashia taa, wanajipaka, hata kuyachanganya na udongo wa kukandikia nyumba.

Sasa kazi yenyewe. Ni ya wanawake toka zamani.

1. Okota. Matunda husubiriwa yaanguke, kuanzia Mei hivi hadi Agosti. Nyama yake tamu, inaliwa papo hapo. Mti huota wenyewe, na huenda ukafika miaka 15 au 20 ndipo uzae.

2. Chemsha kokwa mapema, la sivyo zinaota. Zianike mpaka ukitikisa usikie kiini kikicheza ndani ya ganda, kisha zipasue.

3. Ponda viini, vikaange, visage. Linatoka tope la rangi ya chokoleti.

4. Kanda. Hapa ndipo penye jasho. Mkono unazama beseni hadi kiwiko, maji yanaongezwa kidogo kidogo huku unapiga. Aliyezoea anasikiliza vidole: tope likikaza, anatia maji ya uvuguvugu, likilegea mno, ya baridi. Kahawia inapauka, inageuka kijivu, halafu nyeupe kama mchanganyiko wa keki, na mafuta yanapanda juu.

5. Engua, osha mara kadhaa, chemsha maji yakauke, chuja, koroga yakipoa.

MASWALI

Dada, langu ni la njano kabisa. Ndilo bora?
Hapana. Shea ya asili ni rangi ya krimu. Njano iliyokolea mara nyingi ni rangi ya mzizi uliotiwa wakati wa kuchemsha.

Limejaa chembechembe kama mchanga, nitupe?
Usitupe! Yamepoa polepole tu. Yayeyushe juu ya maji ya moto, weka kwenye friji, koroga yakianza kuganda.

Niko Kampala. Nimeuziwa "moo yao", laini mno. Nimepigwa?
Hujapigwa. Hiyo ni shea ya Walango na Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, aina iitwayo nilotica, ambayo kwa asili ni laini kuliko ya Ghana. Wao pia wanaitia kwenye mboga.

Mbona yangu yananuka moshi na ya dukani hayanuki chochote?
Yako yamepikwa kwa kuni. Yale yamesafishwa kiwandani. Na nyingi inayouzwa Ulaya wala haifiki kwenye ngozi: inaishia kwenye chokoleti na biskuti. Sheria yao ya mwaka 2000 inaruhusu chokoleti iwe na hadi asilimia 5 ya mafuta kama haya. Kwa hiyo huenda umeshaila.