Jinsi ya Kudhibiti Vidakuzi kwenye Simu Yako na kwenye Kompyuta ya Stesheneri

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetumia intaneti kwa simu yake mwenyewe, na pia kwa yule anayeingia stesheneri ya karibu na stendi ya Moshi kuomba mkopo wa elimu ya juu au kujaza maombi ya kazi kwenye kompyuta ambayo imeshikwa na watu wengine tangu asubuhi. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za kampuni zinazopandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Vidakuzi ninaviweka mimi mwenyewe, na nikiwa upande huo naona jinsi watu wanavyovihofia mahali pasipo na hatari na kuvipuuza mahali penye hatari.

Kwa jinsi mtandao ulivyoundwa, seva, yaani kompyuta inayokutumia kurasa za tovuti, haina kumbukumbu. Kila ukurasa unaoufungua ni ombi jipya, na seva haijui kama ni wewe uliyefungua ule uliotangulia. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni njia ya kuziba pengo hilo: seva hutuma kipande kifupi cha maandishi, cha takriban baiti 4,096 kwa ukubwa wake wa juu kabisa, kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti kama Chrome au Firefox, hukihifadhi, kisha hukirudisha kwa seva hiyohiyo kila unapofungua ukurasa wake. Kipande hicho ndicho kidakuzi. Kinafanana na kadi ya kliniki: mara nyingi kadi ina namba tu, na faili lako liko masijala. Kidakuzi si virusi, hakiwezi kuendesha programu, na tovuti moja haisomi vidakuzi vya nyingine.

Ufuatiliaji huanza pale ukurasa mmoja unapobeba vitu vya wenyewe wengi. Ukisoma bei za buti za mlima kwenye duka la mtandaoni lenye tangazo la mtandao fulani wa matangazo, mtandao huo huweka kidakuzi chake. Jioni ukifungua gazeti lenye tangazo la mtandao uleule, kidakuzi kile hurudishwa kwa mwenyewe, naye anajua kwamba msomaji huyu ndiye aliyetafuta buti. Wengi husema simu inawasikiliza, ilhali kwa matangazo ya namna hii namba moja iliyoonekana kwenye kurasa mbili inatosha.

Hatua ya kwanza ni kuangalia. Kwenye Chrome, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, kisha fungua sehemu ya vidakuzi. Kwenye Firefox ya kompyuta, bonyeza Shift na F9 kwa pamoja, na utaona vidakuzi kwa majina na tarehe za kwisha. Tovuti inayotumia Google Analytics, huduma ya kuhesabu na kuchambua wageni wa tovuti, huwa na kidakuzi kiitwacho _ga, ambacho kwa kawaida hupangiwa miaka 2, ingawa Chrome hairuhusu kidakuzi chochote kudumu zaidi ya siku 400.

Hatua ya pili ni bango la idhini. Usiguse kitufe cha kukubali vyote kwa sababu tu ni kikubwa na kina rangi. Tafuta cha kukataa au cha mipangilio, ubakize vile vya lazima, kwa kuwa tovuti itaendelea kufanya kazi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka idhini itolewe kabla ya kuweka vidakuzi visivyo vya lazima, na tarehe 1 Oktoba 2019 mahakama ya umoja huo iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama ya tiki mapema si idhini. Kampuni ya Moshi inayowauzia Wajerumani safari za mlima inahusika. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukitaka kumpima mwenye tovuti, fungua orodha ya hatua ya kwanza kabla hujagusa chochote: ukikuta _ga imeshawekwa, bango lile ni pambo.

Hatua ya tatu ni kuzuia vidakuzi vya washirika wengine, yaani vile visivyowekwa na tovuti uliyoifungua, kama vya mitandao ya matangazo. Safari, kivinjari cha Apple, imevizuia yenyewe tangu 2020, na Firefox tangu 2022 hutenga vidakuzi vya kila tovuti. Google iliahidi mwaka 2020 kuviondoa kwenye Chrome, lakini Julai 2024 ikabadili msimamo, kwa hiyo kazi hiyo imebaki kuwa yako. Gusa nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, kisha Vidakuzi vya washirika wengine, uchague kuzuia. Katika matoleo mengine utavikuta chini ya Faragha na usalama.

Hatua ya nne, kufuta, ni nyepesi: nukta tatu, kisha Futa data ya kuvinjari. Utaondolewa kwenye akaunti zako, basi hakikisha unakumbuka manenosiri. Kufuta hakuondoi kilichokwisha kuhifadhiwa kwenye seva.

Hatua ya tano ndiyo ninayoomba isirukwe. Unapoingia kwenye akaunti, tovuti hukupa kidakuzi kinachosema kwamba umeshathibitishwa, na yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako atapokelewa kama wewe bila kuulizwa nenosiri. Kufunga kichupo hakutoshi. Hata kufunga Chrome yote huenda kusitoshe, maana ikiwa imepangwa kuendelea ilipoishia, hurudisha pia vile vidakuzi vilivyopaswa kufa pamoja na dirisha. Kabla hujaanza, fungua dirisha la hali fiche (Incognito) au wasifu wa mgeni, ambavyo havibakizi vidakuzi vikifungwa. Ukimaliza, bonyeza kwanza kitufe cha kuondoka ndani ya tovuti yenyewe, kwa sababu kwenye tovuti iliyotengenezwa vizuri kitufe hicho hubatilisha kidakuzi kule kwenye seva, kisha ufunge madirisha yote ya hali hiyo. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Mwenye stesheneri anaweza kuwasaidia wateja wake wote kwa mpangilio mmoja: Firefox na Chrome zote zinaruhusu data ya tovuti ifutwe kila madirisha yanapofungwa.

Na kama umeshatoka dukani, uko kwenye daladala, ndipo unakumbuka kwamba hukuondoka kwenye barua pepe, usisubiri kesho. Fungua akaunti hiyo kwa simu, nenda sehemu ya usalama yenye orodha ya vifaa, uiondoe kompyuta ile, halafu ubadilishe nenosiri.